Kwa Mkono wa Kaka Yako

9 Oktoba

Baba, shikamoo.

Najua kaka ndiye anayekusomea, kwa hiyo kaka naye nimemwamkia. Na akome kuruka mistari anayoona haina maana, maana hiyo ndiyo niliyoiandika kwa bidii.

Nimefika salama na nimepewa chumba, ghorofa ya tatu. Kuna vitanda viwili, meza, na kabati ambalo mlango wake haufungi mpaka uusukume kwa kiuno. Mwenzangu wa chumbani anasoma uhandisi na huongea na rula zake. Asubuhi tuna masomo ya darasani, mchana tuko maabara ya meno. Midomo ya watu bado hatujaigusa. Tunapewa kipande cha nta tuchonge gego, na mwalimu wetu, ambaye wenyeji wa hapa wameshambandika jina la Mzee Koleo, hulizungusha kwenye mwanga na kuuliza, "Hili la nani, la punda?" Langu ameliita la punda mara mbili tu.

Uliniuliza nikiwa sina kazi nafanya nini. Natembea. Nacheza mpira wa meza na wasichana wa ghorofa ya pili, na wananifunga kama wamenikodi. Na kila Jumamosi saa nane mchana naenda sinema. Ukumbi una viti mia mbili na sisi watazamaji hatufiki kumi. Nakaa safu ya nane, kama ulivyonifundisha.

Haya, sikiliza. Mchukuzi wa mizigo stesheni anapewa sanduku na abiria mmoja: "Nishikie dakika tano." Abiria harudi. Miaka inapita, mchukuzi anazeeka na sanduku la watu, hata mchumba anamkimbia kwa ajili ya sanduku hilo. Siku yake ya mwisho kazini analiweka mezani na kushika kufuli. Nakomea hapo. Inaishaje?

Kitindamimba wako.


2 Novemba

Mama yangu, marahaba.

Kaka yako aliruka mstari mmoja tu. Nilimsikia anameza mate, nikamwambia arudi.

Watu hawaamini kwamba mtu aliyeonyesha sinema miaka thelathini na moja hajui mwisho wa hata moja. Waambie hao wenzako. Mkanda wa mwisho ulipoanza kuzunguka, mimi nilikuwa nimeshaupa mgongo, naurudisha nyuma ule wa kwanza kwa mkono ili onyesho linalofuata lisichelewe. Mwisho niliusikia kwa miguu ya watu wakitoka. Wakitoka wanapiga kelele, nilijua kuna mtu ameoa.

Sasa hili lako ni rahisi. Ndani ya sanduku mna gauni la harusi. Mwenyewe ni mwanamke, anarudi siku hiyohiyo, mvi kwa mvi, wanaoana palepale baina ya treni mbili. Mkuu wa stesheni anapuliza filimbi. Usinibishie.

Macho ni yaleyale, naona mwanga na kivuli. Kifua kinanisumbua kidogo. Kaka yako alitaka kuliandika hilo kwa wino mwekundu, nimemkatalia. Wewe chonga meno ya punda wako. Nikisikia umekwenda sinema siku ya masomo, nitakuja huko na fimbo yangu nikipapasa ukuta mpaka nikupate.

Baba yako, kwa mkono wa kaka yako.


24 Novemba

Baba, shikamoo.

Umekosa. Hakulifungua. Alilikabidhi kwa mchukuzi mpya akamwambia, "Dakika tano," akaenda zake nyumbani. Kwenye daftari letu la mchezo huu sasa mimi nina thelathini na mbili, wewe sufuri. Tangu nina miaka tisa hujapatia hata mara moja, na zote umeozesha watu.

Kifua chako kipoje? Kaka, andika kwa wino wowote, ila andika.

Mzee Koleo ametangaza mtihani wa vitendo. Ni tarehe 3 Juni: kuziba jino moja kwenye kichwa cha bandia, kwa saa moja na nusu. Anayeanguka harudii mwaka. Ufadhili unakatwa na anarudishwa kwao. Alilisema hilo huku anapangusa miwani, kama anayetangaza zamu ya kufagia.

Sinema ya safari hii: vinyozi wawili, ndugu, maduka yao yanatazamana barabarani. Wana miaka ishirini hawasemezani. Siku moja mdogo anaumwa, duka lake halifunguliwi. Siku ya pili halifunguliwi. Siku ya tatu mkubwa anaweka mkasi mezani, anachungulia ng'ambo ya barabara. Inaishaje?

Kitindamimba wako.


15 Desemba

Shangazi, shikamoo.

Ahsante kwa siku zile zote ulizokaa nasi, na kwa kuwapokea watu wakati mimi sijui nisimame wapi. Leo ni siku ya saba tangu tumzike baba. Nimefungua tena meza yangu ya saa. Watu wananipa pole huku wananyoosha mkono wenye saa iliyosimama, nami naitikia pole na kuipokea saa. Sijalia. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine.

Barua ya Kitindamimba ilifika siku mbili baada ya maziko. Nimeisoma peke yangu, kwa sauti, kwa mazoea tu. Anauliza kifua cha baba kipoje. Anamsimulia sinema ya vinyozi na anangoja jibu.

Najua baba alisema nini pale kitandani, nawe ulikuwepo: mtoto asiambiwe mpaka amalize mtihani wake wa mwaka. Lakini Shangazi, barua hii inasema mtihani ni Juni. Barua zote za baba ni mimi niliyekuwa naziandika, kwa hiyo mwandiko hautamshtua, na hilo ndilo linalonitisha. Nipe ruhusa nimwambie.

Mwanao, fundi saa.


28 Desemba

Mwanangu, marahaba.

Kaka yangu aliniachia wasia mimi, hakuliachia kabati. Ukimwambia leo, kesho atapanda treni. Atafika, atalia, na akishalia? Baba hatarudi na nafasi ya masomo haitarudi. Tutakuwa na misiba miwili kwa nauli moja.

Mwandikie. Umemsikia baba yako akiongea maisha yako yote, unajua mpaka anapokohoa. Usipige simu, sauti haijui kuficha. Mimi huku nimeshaufunga mdomo ukoo mzima, hata yule binamu yako ambaye mdomo wake hauna kitasa.

Habari ya kulia usijihukumu. Mimi nililia sana na bado sijaona faida yake.

Shangazi yako.


6 Januari

Mama yangu, marahaba.

Nimechelewa kujibu. Lawama ni za posta na za kaka yako, gawanya mwenyewe. Kifua hakinisumbui tena.

Sinema yako nimeielewa. Hawa vinyozi hawasemezani mpaka mwisho. Yule mkubwa anavuka barabara na ufunguo wa akiba, anafagia duka la mdogo wake, anawanyoa wateja wake, jioni anafunga na kurudi kwake. Mgonjwa anayaona yote dirishani. Basi.

Tarehe 3 Juni siyo mbali. Kaza buti, na ule vizuri.

Baba yako, kwa mkono wa kaka yako.


30 Januari

Baba, shikamoo.

Umepatia. Nimeandika kwenye daftari: Baba, moja.

Huku baridi imezidi. Mwenzangu wa chumbani ameziba dirisha kwa magazeti, kwa hiyo nikilala nasoma matokeo ya mpira. Jana nimechonga gego na Mzee Koleo hakusema la punda. Aliliweka tu mezani akapita. Zamani ningekuandikia kurasa mbili juu ya jambo hilo.

Kuna sinema ya mwalimu wa kuogelea asiyejua kuogelea. Amefundisha watoto miaka kumi akiwa amesimama ukingoni na mti mrefu mkononi, na hakuna anayejua. Siku moja mtoto mmoja anaanza kuzama. Inaishaje?

Msalimie kaka. Mwambie apumzike.

Kitindamimba wako.


20 Februari

Mama yangu, marahaba.

Kumbe nimepatia! Uzee dawa. Usinizoee lakini.

Huyu mwalimu wa kuogelea ataokolewa na mama wa yule mtoto, naye ni mjane, nao wataoana. Ndiyo mwisho wake.

Umeandika kidogo safari hii. Je, masomo yanakubana? Yakikubana ni vizuri. Kaka yako anasema ukipata nafasi umchongee jino moja la nta aweke juu ya meza yake, wateja waogope.

Baba yako, kwa mkono wa kaka yako.


18 Machi

Baba, shikamoo.

Hapana, hakuoa mtu. Alijitupa majini bila kufikiri, na maji yalimfika kiunoni tu. Watu wakacheka, taa zikawaka.

Nina jambo ambalo ningeona haya kukwambia uso kwa uso. Tangu wiki ya kwanza ya Februari sijaingia darasani. Siumwi. Naamka, naoga, nachukua kisanduku changu cha vifaa, nafika mpaka mlango wa maabara, halafu miguu inageuka yenyewe. Saa nane niko sinema. Siyo Jumamosi tu, kila siku, picha ileile wiki nzima. Mkata tiketi ameacha kunisalimia, ananifungulia mlango tu. Sitazami. Nakaa. Ukiniuliza hadithi inahusu nini, sijui.

Mwezi ule wa kwanza wanafunzi wa mwaka wa juu walitufanyia mazoezi ya sindano ya ganzi. Mmoja alinichoma mimi, shavu lote likafa, nikaliuma bila kujua mpaka nikaona damu kwenye kikombe. Niko hivyo sasa, ila siyo shavu peke yake.

Mtihani uko palepale, tarehe 3 Juni. Kuingia sijui kama nitaingia. Nikirudishwa nyumbani nitarudi, hata hilo naliwaza na haliniumi.

Usimwambie Shangazi. Kaka atajua, maana ndiye anayesoma. Kaka, nisamehe.

Kitindamimba wako.


31 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nakuletea barua yake uisome mwenyewe. Tumemficha ili asome, na hasomi. Ameomba usiambiwe na mimi nakwambia; mwaka huu nimeshazoea kuwasaliti watu. Sijui baba angemjibu nini. Kila nikishika kalamu naleta mzaha na mzaha unakufa kwenye karatasi. Nimwambie ukweli sasa?

Fundi saa.

(Jibu, nyuma ya karatasi hiyohiyo:)

Ukimwambia sasa hata mlango wa maabara hatafika. Mwandikie. Kama hujui baba yako angesema nini, sema unachokijua wewe.

Shangazi.


7 Aprili

Mama yangu, marahaba.

Sikukasirika. Fimbo nimeiweka.

Nitakwambia kitu cha kazi. Saa ikisimama, fundi haiulizi kwa nini, wala haitikisi. Anaifungua, anatoa kipande kimoja, anakisafisha, anakilaza juu ya karatasi nyeupe. Halafu kingine. Ukimwuliza kama saa itapona atakwambia hajui, maana kweli hajui. Kipande kilichopo mkononi ndicho anachokijua. Kuna saa nimekaa nazo hivyo wiki tatu bila tamaa yoyote.

Kesho fika maabara uingie. Usisome, usimsikilize mtu, kaa tu kwenye kigoda chako mpaka wenzako waondoke. Keshokutwa kaa tena, na ushike nta. Hujaambiwa uchonge. Siku ya tatu utaamua mwenyewe. Sinema nenda jioni, sikukatazi.

Na kama hutahisi chochote, usihisi. Mikono haina habari na hayo. Mikono inafanya kazi hata mwenyewe akiwa hayupo, mimi nalijua hilo vizuri sana.

Baba yako, kwa mkono wa kaka yako.


20 Juni

Baba, shikamoo.

Nilikaa kama ulivyosema. Siku ya tatu nikachonga.

Nimefaulu. Kwa alama chache, lakini nimefaulu. Nililiona jina langu ukutani, wasichana wa ghorofa ya pili wakanirukia shingoni, halafu nikaenda kununua sabuni kwa sababu ilikuwa imeisha.

Kitindamimba wako.


4 Julai

Mdogo wangu,

Barua hii naiandika mimi, kaka yako, na ni yangu peke yangu. Tafuta mahali ukae.

Baba amefariki. Amefariki tangu tarehe 7 Desemba, saa tano asubuhi, kwa kile kifua. Mimi na Shangazi tulikuwa naye. Hakuteseka muda mrefu. Aliomba usiambiwe mpaka umalize mtihani, na Shangazi akanishikilia nitimize. Barua zote tangu Januari nimeziandika mimi. Hukumzika baba yako, na mimi ndiye niliyekunyima. Sina maneno ya kujitetea, nina wasia tu.

Nitukane unavyotaka. Nitajibu kila barua.

Kaka yako.


22 Julai

Kaka, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nilikuwa najua.

Nimejua tangu Januari. Baba hakuwahi kupatia mwisho wa sinema hata siku moja, na wewe ulipatia. Wewe ndiye uliyekuwa unakaa chini ukumbini, baba akiwa juu kwenye mashine yake, mpaka taa ziwashwe. Nilisoma pale kwenye "anafagia duka la mdogo wake", nikakaa kitandani na koti mwilini na kiatu kimoja mguuni mpaka mwenzangu aliporudi. Februari ukashtuka ukaleta harusi, lakini harusi yako haina kelele. Ya baba lazima mtu apulize kitu.

Hiyo ya Januari ndiyo iliyonitoa darasani, kabla hata ya harusi haijafika. Kwa hiyo wasia wenu haukunisaidia sana, mwambie Shangazi kwa adabu.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Ningependa kusema nilikuhurumia, au niliogopa mtihani. Siyo hivyo. Ningesema najua, barua za baba zingekoma, na mimi nilikuwa bado nazihitaji. Nilijua kabisa ni wewe, na bado kila nikifungua bahasha nilimsikia yeye. Ile ya Machi nilikuwa namwandikia nani, sijui. Nadhani wote wawili. Ila ile ya Aprili, ya saa, baba asingeiweza. Ile ilikuwa yako, na ndiyo iliyoniingiza kwenye mtihani.

Mpaka leo sijalia, kaka. Nakwambia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Mdogo wako.


9 Agosti

Mdogo wangu, marahaba.

Kumbe ulijua.

Barua yako aliniletea mezani tarishi mwenyewe, mteja amesimama anangoja saa yake. Nikamwambia bado, na ilikuwa tayari mbele yake. Nikasoma mara ya pili.

Sasa nisikilize mimi. Tangu Desemba, kila kilio kilipopanda nilikirudisha, kwa sababu wiki inayofuata nilitakiwa kuandika kwa sauti ya baba, na mtu aliyetoka kulia haandiki mizaha. Nilikula nikiwa nimekaa kwenye kiti chake ili nikumbuke anavyoongea. Nilikuwa nakohoa peke yangu nyumbani, mtu mzima, ili sentensi zije. Nilijifanya baba mpaka nikasahau kwamba mimi nami nimefiwa. Na wewe kule, umekaa safu ya nane, unajua! Tungelia wawili tangu Januari. Ulikuwa unaongezewa baba kila mwezi, na aliyekuwa anambeba ni mimi.

Nina hasira na wewe, na sijawahi kuwa na hasira na wewe tangu umezaliwa. Nilipiga meza ngumi, vioo vya saa vikaruka mpaka barabarani. Fundi viatu wa jirani akaja mbio akauliza kwani kafa nani. Nikamwambia, baba yangu. Akasema pole, lakini huyo si tulimzika Desemba? Nikamwambia hapana, amekufa leo. Halafu nikalia, palepale, kwa sauti, mpaka mteja akakaa chini nami na kunishika bega, na fundi viatu akafunga duka langu kwa mkono wake.

Nimelia siku tatu. Shangazi amekuja, akapika, akaondoka.

Likizo yako inaanza Septemba. Njoo. Stesheni sitakuja kukupokea, maana hasira bado ninayo na siitaki iishe haraka, ni kitu cha kwanza nilichohisi mwaka huu. Utajua njia. Nguo za baba bado ziko kwenye misumari. Sikuzigusa, tutazishusha wote, na siku hiyo usithubutu kuninyamazia.

Kaka yako.